Kura Zilipigwa, Serikali Ikabaki Ileile: Uchambuzi wa Uchaguzi wa Kwanza wa Bunge la Nyuzilandi, 1853

Kisa na mipaka yake

Uchaguzi wa kwanza wa Bunge katika koloni la Nyuzilandi ulianza tarehe 14 Julai 1853 na kumalizika tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo. Majimbo 24 ya uchaguzi yalitoa wabunge 37. Hati za uchaguzi zilitolewa, daftari la wapiga kura likaandikwa, kura zikapigwa na washindi wakatangazwa. Lakini wabunge hao walipokutana Auckland mwaka uliofuata walikuta kwamba serikali waliyodhani wamechaguliwa kuiendesha imo mikononi mwa maofisa watatu walioteuliwa zamani, ambao hakuna mpiga kura aliyewahi kuulizwa habari zao.

Kwa sababu hiyo nimekichagua kisa hiki. Chaguzi zinazoharibika kwa wizi wa kura au kwa fujo zimeandikwa sana, na mafunzo yake yanajulikana. Huu ulikuwa uchaguzi uliofuata sheria, na ulikwama kwa sababu ya mambo ambayo sheria yenyewe haikuyasema. Viongozi wenye nyadhifa nimewataja kwa majina, kwa kuwa matendo yao ni kumbukumbu za umma. Wapiga kura na makarani sikuwataja, na mbunge mmoja ambaye tukio lake lilikuwa la aibu zaidi kuliko la siasa nimemwacha bila jina.

Usuli

Mkataba wa Waitangi ulitiwa saini mwaka 1840 kati ya wawakilishi wa Malkia wa Uingereza na machifu wengi wa Wamaori, wenyeji wa visiwa vya Nyuzilandi, na baada ya muda mfupi visiwa hivyo vikawa koloni linalojitegemea kutoka New South Wales. Kwa zaidi ya miaka kumi koloni liliongozwa na gavana pamoja na baraza la watu aliowateua. Walowezi hawakuridhika. Wengi wao walitoka Uingereza wakati wa vuguvugu la kupanua haki ya kupiga kura, na walihesabu kuwa ni fedheha kuvuka bahari nusu ya dunia na kupoteza haki ambayo jamaa zao waliobaki nyumbani walikuwa wakiipigania.

Ikumbukwe pia kwamba makazi ya walowezi hayakuwa kitu kimoja. Auckland ulikuwa mji wa serikali. Wellington, Nelson na New Plymouth ilianzishwa na kampuni binafsi iliyokuwa ikiuza ardhi. Otago ilianzishwa mwaka 1848 na Waskoti wa Kanisa Huru, na Canterbury mwaka 1850 na Waanglikana. Kati ya makazi hayo hapakuwa na barabara ya maana, na barua ya kutoka Auckland kwenda Otago ilisafiri kwa meli na kuweza kuchukua majuma kadhaa. Mtu wa Dunedin, mji mkuu wa Otago, alimjua mwenzake wa Auckland kwa kumsoma gazetini tu, tena gazeti lililochelewa.

Katiba ya kwanza ilitungwa London mwaka 1846. Ilimtaka mpiga kura ajue kusoma na kuandika Kiingereza, sharti lililowafungia mlango Wamaori, ambao wengi wao walikuwa wakisoma na kuandika kwa lugha yao wenyewe. Gavana George Grey aliipinga. Hoja yake ilikuwa kwamba katiba hiyo ingewapa watu wachache wa kabila moja uwezo wa kuwatawala watu wengi wa kabila jingine, na kwamba Wamaori, waliokuwa na silaha na idadi kubwa, wasingekubali. London ilimsikia, na mwaka 1848 sehemu kubwa ya katiba hiyo ikasimamishwa kwa miaka mitano. Walowezi walimwona Grey kuwa dikteta, wakaunda vyama vya kudai katiba, wakaandika malalamiko baada ya malalamiko.

Sheria mpya ya Katiba ilipata idhini ya Malkia tarehe 30 Juni 1852, na Grey akaitangaza katika koloni Januari 1853. Iligawa nchi katika mikoa sita, kila mmoja ukiwa na mkuu wa mkoa wa kuchaguliwa na baraza lake. Juu ya mikoa likawekwa Bunge la koloni zima lenye sehemu tatu: Gavana, Baraza la Kutunga Sheria la watu walioteuliwa maisha, na Baraza la Wawakilishi la watu waliochaguliwa kwa muhula wa miaka mitano.

Kuhusu nani ataongoza idara za serikali, atawajibika kwa nani, na ataondoka lini, sheria hiyo haikusema neno.

Nani aliruhusiwa kupiga kura

Mpiga kura alipaswa kuwa mwanamume mwenye umri wa miaka 21 au zaidi na mwenye mali ya aina mojawapo kati ya tatu: ardhi yake mwenyewe yenye thamani ya pauni 50, ardhi ya kukodi yenye thamani ya pauni 10 kwa mwaka, au nyumba anayokaa yenye thamani ya kodi ya pauni 10 kwa mwaka mjini na pauni 5 shamba. Kwa vipimo vya Uingereza ya wakati ule masharti hayo yalikuwa mepesi. Ardhi ya koloni ilikuwa rahisi na kodi za nyumba zilikuwa juu, kiasi kwamba hata fundi seremala aliyepanga kibanda mjini aliweza kuandikishwa. Mwenye mali katika majimbo matatu aliruhusiwa kupiga kura katika yote matatu, mradi aweze kufika.

Sheria haikutaja rangi wala kabila. Msomaji wa haraka anaweza kuisifu kwa hilo, na wapo waliofanya hivyo. Lakini mali iliyotambuliwa ilikuwa ya mtu mmoja mmoja na ya aina inayojulikana katika sheria ya Kiingereza, ilhali ardhi karibu yote ya Wamaori ilikuwa ya ukoo kwa mila. Mzee wa ukoo aliyekuwa na sauti juu ya maelfu ya ekari hakuwa na hata kipande cha karatasi cha kumwonyesha karani wa daftari. Katika daftari la 1853 waliandikishwa watu 5,849. Wamaori kati yao walikuwa kiasi cha mia moja, ingawa idadi ya Wamaori wote katika visiwa ilikuwa karibu mara mbili ya walowezi.

Mfuatano wa matukio: uchaguzi

Machi 1853 Grey alitoa kanuni za uchaguzi na mipaka ya majimbo. Auckland ilipewa viti 12, Wellington 8, Nelson 6, Canterbury 5, na New Plymouth na Otago 3 kila moja. Mwezi huohuo, kabla hata ya mpiga kura mmoja kuandikishwa, alitoa pia kanuni mpya za ardhi zilizoshusha bei hadi shilingi 10 na hata shilingi 5 kwa ekari. Bei ya ardhi lilikuwa jambo ambalo walowezi walilitaka Bunge zaidi kwa ajili yake. Grey aliliamua peke yake wakati mlango ukiwa bado wazi.

Siku ya uteuzi watu walikusanyika mbele ya jukwaa. Mgombea alipendekezwa, akaungwa mkono, akahutubia, akazomewa au akashangiliwa, kisha msimamizi wa uchaguzi akawataka watu wainue mikono. Hakuna aliyekagua kama mwenye mkono ulioinuliwa yumo daftarini. Palipokuwa na mgombea mmoja tu kwa kiti kimoja, mambo yaliishia hapo, na ndivyo Hugh Carleton wa Bay of Islands alivyopita bila kupingwa na kuwa mbunge wa kwanza kabisa kupatikana. (Baadaye alipenda kujiita Baba wa Bunge, cheo alichokipata kwa kukosa mpinzani.) Palipokuwa na ushindani, aliyeshindwa kwa mikono alidai kura rasmi, na siku ikapangwa.

Kura hiyo rasmi nayo haikuwa ya siri. Mpiga kura alifika mbele ya msimamizi na kuwataja wagombea anaowataka, na chaguo lake likaandikwa pamoja na jina lake. Mwajiri wake aliweza kuwa amesimama pale pale, pamoja na mwenye nyumba aliyopanga na mwenye duka anayemdai. Mawakala wa wagombea walihesabu kura kadiri zilivyoingia, na ilipofika mchana kila upande ulijua umepungukiwa na kura ngapi na ni nani wa kwenda kuamshwa. Takrima ya chakula na pombe ilikuwa jambo la kawaida, kama ilivyokuwa Uingereza, na sioni ajabu yake. Kura inayosikika na watu wote ni bidhaa ambayo mnunuzi anaweza kuhakikisha ameipata.

Kipengele kimoja cha Auckland kinafaa kuangaliwa. Kandokando ya mji huo walikuwa wamewekwa wanajeshi wastaafu na familia zao, wakapewa nyumba na vipande vya ardhi kwa sharti la kuitika wakihitajika vitani. Walikuwa na jimbo lao lenye viti viwili. Mwaka huohuo Luteni Kanali Robert Wynyard, kamanda wa majeshi, aligombea ukuu wa mkoa wa Auckland, akachaguliwa. Kwa hiyo mtu mmoja alishika amri ya jeshi na wadhifa wa kuchaguliwa kwa wakati mmoja. Miezi michache baadaye akapata wadhifa wa tatu.

Mfuatano wa matukio: Bunge

Uchaguzi ulimalizika Oktoba. Mabaraza ya mikoa yalianza kukutana, kuajiri watu na kutumia fedha. Bunge la koloni halikuitwa. Tarehe 31 Desemba 1853 Grey alipanda meli na kuondoka, akamwachia kaimu wake, ambaye ni huyohuyo Wynyard, kazi ya kufungua Bunge ambalo yeye mwenyewe hakutaka kulijaribu.

Wabunge walikutana Auckland tarehe 24 Mei 1854, sikukuu ya kuzaliwa kwa Malkia, katika jengo la mbao ambalo halijamalizika. Walimchagua Charles Clifford kuwa Spika. Mwanzoni mwa Juni, Edward Gibbon Wakefield, mbunge wa Hutt na mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kubuni mipango ya makazi ya walowezi, alitoa hoja ya kudai kile ambacho kwetu tungekiita serikali ya madaraka: mawaziri watoke miongoni mwa wabunge, wadumu kwa imani ya Bunge, na waondoke imani hiyo ikiondoka. Hoja ilipita kwa kishindo.

Wynyard alimwendea Mwanasheria Mkuu wake, William Swainson. Jibu likawa kwamba hakuna kifungu wala agizo kutoka London linalomruhusu kaimu gavana kuwaondoa maofisa walioteuliwa na Malkia. Swainson hakukosea katika kusoma sheria. Alikuwa pia, pamoja na Katibu wa Koloni na Mweka Hazina, mmoja wa maofisa watatu ambao wangeondolewa.

Yakapatikana maafikiano ya nusu nusu. Tarehe 14 Juni James FitzGerald, Henry Sewell na Frederick Weld waliingizwa katika Baraza la Utendaji bila wizara yoyote, wakiwa upande mmoja wa meza na wale maofisa watatu upande wa pili. Walidhani ni mpito wa majuma machache. Walipowataka maofisa wa zamani wajiuzulu na Wynyard akakataa kwa kuwa hajapata agizo, walijiuzulu wao, tarehe 2 Agosti.

Hapo kisa kinaanza kufanana na mchezo wa kuigiza. Wakefield, mtoa hoja, akageuka kuwa mshauri wa siri wa Wynyard dhidi ya wenzake. Baraza la Wawakilishi likagoma kupitisha fedha za matumizi. Tarehe 17 Agosti Wynyard akaamua kuliahirisha. Wabunge waliposikia kwamba ujumbe uko njiani waliifunga milango ili wamalize maazimio yao kabla haujasomwa. Mbunge mmoja wa Nelson aliyeunga mkono upande wa gavana akaingia na tangazo la kuahirishwa mkononi na kofia kichwani, jambo ambalo ndani ya ukumbi ule lilikuwa tusi, na pakazuka purukushani ambayo magazeti yaliisimulia kwa furaha kubwa.

Kikao cha pili kiliitwa tarehe 31 Agosti. Thomas Forsaith akakubali kuunda baraza jipya la watendaji, likadumu siku tatu. Watu waliliita wizara ya shati safi, kwa sababu Forsaith alisimulia kwamba alipoitwa na gavana alipitia kwanza nyumbani kubadili shati. Mwishoni Bunge lilikubali kupitisha fedha na sheria chache za lazima, na wabunge wakarudi makwao kwa meli mwezi Septemba.

Maamuzi yaliyokiongoza kisa, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa Grey: kuanza na mikoa, na Bunge baadaye. Alikuwa na sababu zinazosikika. Makazi yalitengana kwa bahari, na mahitaji ya kila siku, kama gati, njia na shule, yalikuwa ya mahali. Mkoa uliweza kuanza kazi mara moja bila kungoja mbunge wa Otago asafiri hadi Auckland. Lakini sidhani kama hesabu yake ilikuwa ya jiografia tu. Mikoa ikianza mapema ingezoea kushika fedha na madaraka, na Bunge likija lingekuta meza imeshaliwa. Grey aliijua sheria ile kuliko mtu yeyote katika koloni, kwa kuwa mengi ndani yake yalitokana na mapendekezo yake mwenyewe, na ni vigumu kuamini kwamba hakuona pengo lililokuwamo.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa Wynyard: kutobadilisha chochote hadi London ijibu. Walowezi walimdharau kwa hilo, na wengi walioandika baadaye walimdharau vilevile. Mimi naona alikuwa katika mahali pagumu. Alikuwa askari, na kaimu, na kila mwanasheria aliyekuwa karibu naye alikuwa na maslahi katika jibu. Kosa lake lilikuwa kwingine, nalo ni kuendelea kuwa mkuu wa mkoa wa Auckland huku akikaimu ugavana wa koloni zima. Kila alipoamua jambo, mikoa ya kusini ilimwona kuwa mwakilishi wa mpinzani wao, na hata alipokuwa na haki hakuaminika. Wadhifa huo wa mkoa aliuachia mwaka 1855 tu, baada ya kulaumiwa sana.

Uamuzi wa tatu, ambao kwa kawaida hupitwa haraka, ulikuwa wa FitzGerald na wenzake wawili. Waliingia serikalini bila kupata kwa maandishi tarehe ambayo maofisa wa zamani wangeondoka. Waliamini kwamba wakishaingia ndani mlango utafunguka wenyewe. Kwa majuma saba walibeba lawama za serikali bila kushika hata idara moja, na walipotoka hawakuwa na kitu cha kuonyesha isipokuwa hotuba zao.

Matokeo

Swali la Wynyard lilisafiri hadi London, na jibu likaandikwa Desemba 1854 na Waziri wa Makoloni, ambaye kwa bahati aliitwa naye Sir George Grey, ingawa si yule gavana. Alisema serikali ya Malkia haina pingamizi na serikali ya madaraka, na kwamba haihitaji sheria mpya. Sharti lilikuwa moja: maofisa watakaoondolewa wapewe pensheni.

Gavana mpya, Thomas Gore Browne, aliwasili Septemba 1855. Bunge la kwanza likavunjwa baada ya miaka miwili hivi, uchaguzi wa pili ukafanyika kati ya Oktoba na Desemba mwaka huo, na tarehe 7 Mei 1856 Henry Sewell akawa waziri mkuu wa kwanza. Alidumu siku 13. William Fox aliyemfuata naye alidumu majuma mawili tu, ndipo Edward Stafford aliposhika tarehe 2 Juni na kukaa miaka mitano.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Daftari lilifanya kazi kwa kiasi chake. Masharti mepesi ya mali yaliwaingiza mafundi na wakulima wadogo, na ndani ya koloni ambamo watu walitengana kwa majuma ya safari, uchaguzi ulikamilika chini ya miezi mitatu. Kuruhusu kila jimbo lipange siku zake kulisaidia, ingawa kulimpa pia mwenye mali nyingi nafasi ya kuzunguka na kupiga kura zaidi ya moja.

Mikoa ilifanya kazi kuliko Bunge. Hilo si la kushangaza, kwa kuwa sheria iliieleza mikoa waziwazi: mkuu wa mkoa anachaguliwa, ana baraza, ana mapato. Mpiga kura wa Canterbury alijua ni nani wa kumlalamikia kuhusu barabara. Kuhusu mambo ya koloni zima hakuwa na wa kumlalamikia, na hali hiyo iliendelea kuzilisha siasa za umikoa hadi mikoa ilipofutwa mwaka 1876.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Ni rahisi kusema kwamba watunga sheria wa London walisahau. Hawakusahau. Katika desturi ya Kiingereza, kuwajibika kwa mawaziri hakukuandikwa katika sheria yoyote. Kulikuwa mazoea yaliyokomaa kwa vizazi. Hata Kanada na Nova Scotia, miaka michache tu kabla, zilikuwa zimeipata serikali ya madaraka kwa maelekezo kwa magavana na si kwa kifungu cha katiba. Walioandika sheria ya 1852 walikiacha kimya hicho wakidhani kila mtu atakielewa. Lakini mazoea husafiri na watu walioyazoea. Nyuzilandi ya 1854 haikuwa na waziri mkuu wa zamani, wala chama, wala jaji aliyewahi kukutana na suala kama hilo. Ilikuwa na askari mwaminifu na mwanasheria makini, na watu wa namna hiyo wakikuta kimya hukisoma kuwa katazo.

Ndani ya mgogoro huo limo jambo dogo ambalo mimi naliona kuwa kubwa. Kilichowazuia maofisa watatu kuondoka kilikuwa riziki pamoja na falsafa ya katiba. Walikuwa watumishi wa miaka mingi, mbali na kwao, na sheria iliyoleta Bunge haikuweka fungu la kuwapumzisha. London ilipotoa jibu, ilitia ndani yake pensheni, na ubishi ulioyumbisha koloni kwa karibu miaka miwili ukalainika. Wanaopanga makabidhiano ya madaraka hutumia miezi mingi kubishana juu ya mipaka ya majimbo na muda mfupi sana juu ya hatima ya wanaokabidhi. Kwa kipimo hicho, uchaguzi wa 1853 uliandaliwa nusu tu.

Kura ya wazi nayo ilikuwa kasoro, lakini watu wa wakati ule hawakuihesabu hivyo. Wengi waliamini kwamba mwanamume mwenye haki ya kura anapaswa kuitamka mbele za watu. Victoria na Australia Kusini zilianza kura ya siri mwaka 1856. Nyuzilandi iliipitisha mwaka 1870.

Kimya cha pili cha sheria kilidumu zaidi na kiligharimu zaidi. Nimeeleza jinsi sharti la mali lilivyowaacha Wamaori nje bila kuwataja. Katiba ilikuwa na kifungu kilichoruhusu maeneo yatengwe ambamo Wamaori wangetawaliwa kwa sheria na mila zao, na kifungu hicho hakikutumiwa hata mara moja. Mwaka 1859 wanasheria wa serikali ya Uingereza walipoulizwa, walijibu kwamba ardhi ya ukoo isiyo na hati ya Malkia haimpi mtu haki ya kura. Kufikia hapo Wamaori walikuwa wanalipa sehemu kubwa ya ushuru wa forodha, ambao ndio uliokuwa mhimili wa mapato ya koloni, kupitia bidhaa walizonunua. Walilima ngano, walimiliki vinu na merikebu, na walilisha mji wa Auckland. Serikali waliyoichangia haikuwa na kiti chao.

Pingamizi la Grey dhidi ya katiba ya mwaka 1846 lilikuwa sahihi, na ajabu ni kwamba katiba iliyotokana na mapendekezo yake mwenyewe ilizaa matokeo yaleyale kwa njia ya adabu zaidi. Badala ya lugha, mali. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka kwamba karibu miaka mia moja baadaye, katika uchaguzi wa kura tatu wa 1958, mpiga kura wa Tanganyika alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa fulani. Hapo pia sharti lilikuwa moja kwa watu wote, na kila aliyelitunga alijua litamchuja nani. Tofauti ni kwamba TANU iliamua kuingia na kushinda ndani ya masharti hayo. Wamaori hawakuwa na njia hiyo, kwa sababu ili kuandikishwa ilibidi kwanza ukoo uvunje ardhi yake vipande vipande.

Wengi walichagua njia yao wenyewe. Mwaka 1858 Pōtatau Te Wherowhero alisimikwa kuwa mfalme wa Wamaori huko Waikato, na mwaka 1863 majeshi ya Uingereza pamoja na ya koloni yakaivamia Waikato. Gavana aliyeyatuma alikuwa George Grey, aliyekuwa amerudi kwa kipindi cha pili.

Baada ya vita Bunge lilipitisha sheria ya mwaka 1867 iliyotoa viti vinne vya Wamaori na haki ya kura kwa wanaume wao wote wenye miaka 21 bila sharti la mali. Kwa uwiano wa watu viti vingestahili kuwa zaidi ya kumi. Sheria ilikusudiwa idumu miaka mitano; mwaka 1876 ikafanywa ya kudumu. Walowezi walianza kupiga kura ya siri katika uchaguzi wa 1871, na Wamaori wakaendelea kuchagua wabunge wao kwa kuinua mikono, kisha kwa kumtajia msimamizi jina, hadi mwaka 1938.